Njia ya saraka isikaririwe ndani ya programu: maelezo kwa wateja wanaotumia API ya cPanel

Ndugu wateja, maelezo haya ni kwa wanaotumia API ya cPanel, yaani njia ambayo programu zenu hutuma maombi kwa cPanel, mfumo wa kusimamia akaunti za tovuti kwenye seva zetu. Baada ya kuhamishia baadhi ya akaunti kwenye seva mpya tulipigiwa simu na mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye tovuti yake ilikuwa ikionyesha bei za siku nne zilizopita, ingawa programu yake ilipakia orodha mpya kila usiku na kumbukumbu zake hazikuonyesha kosa lolote. Tulipoifungua programu hiyo tulikuta imeelekezwa iweke faili la bei kwenye /home/duka/public_html/bei. Anwani hiyo ilikuwa sahihi kwenye seva ya zamani, lakini seva mpya ina diski zaidi ya moja, na akaunti yake imewekwa chini ya /home2. Tulipaswa kuwaeleza jambo hili kabla ya kuhama, na kwa kuwa hatukufanya hivyo, tunalieleza sasa kwa kirefu.

Njia ya saraka, yaani anwani ya folda au faili ndani ya seva, huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza huanzia kwenye mzizi wa seva, kwa alama ya mkwaju (/), na hutaja kila saraka hadi kwenye faili lenyewe. Ya pili huhesabiwa kuanzia mahali fulani panapojulikana. Wito (ombi la programu) wa Fileman, ambao ndio unaoshughulikia mafaili katika UAPI, yaani API ya cPanel inayotumiwa na akaunti zenu, hukubali namna ya pili na kuihesabu kuanzia saraka ya nyumbani ya akaunti. Ukituma ombi la kuorodhesha mafaili kwa /execute/Fileman/list_files?dir=public_html/bei kupitia mlango wa 2083, utajibiwa vilevile, akaunti yako iwe chini ya /home au /home2, na hata jina la akaunti likibadilishwa. Kwa kazi nyingi za wateja wetu, hiyo inatosha.

Hata hivyo, si kila tovuti hukaa ndani ya public_html. Mwenye vikoa (majina ya tovuti) viwili au vitatu katika akaunti moja anaweza kuwa na kikoa ambacho saraka yake iko kando kabisa, kulingana na ilivyochaguliwa siku kikoa kilipoongezwa. Badala ya kukisia, iulizeni seva yenyewe: wito wa DomainInfo/single_domain_data, ukipewa jina la kikoa, hurudisha documentroot, yaani saraka ambamo mafaili ya tovuti hiyo husomwa. Programu ikiuliza kila inapoanza kazi, hakutakuwa na haja ya kuirekebisha tutakapohama tena.

Kwa nini basi mteja wetu hakuona kosa kwa siku nne? Programu yake ilikuwa ikitazama namba ya HTTP, yaani namba ya hali ambayo seva huirudisha kwa kila ombi, peke yake, na ilipopata 200 ikaamini kwamba kazi imekamilika. Namba hiyo husema tu kwamba ombi limefika na limejibiwa. Ndani ya jibu la JSON, yaani maandishi yenye mpangilio ambayo seva huyarudisha kwa programu, kuna sehemu iitwayo status, ambayo huwa 1 kazi ikifanikiwa na 0 ikishindikana, na kando yake kuna errors yenye maelezo ya kilichotokea. Tunawasihi msiache kuisoma sehemu hiyo, kwani mara nyingi njia iliyokosewa hutajwa humo waziwazi.

Kumbukeni pia kwamba seva za Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Picha na picha ni saraka mbili, na kwamba nafasi katika jina, kama Bei Mpya, hutumwa katika anwani kama Bei%20Mpya.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni programu zinazopokea jina la faili kutoka kwa mgeni wa tovuti na kulipeleka kwenye API bila kulikagua. Nukta mbili zikifuatwa na mkwaju humaanisha kupanda saraka moja juu, kwa hiyo mtu akiandika ../ mara kadhaa anaweza kutoka kwenye saraka ya picha na kufika kwenye barua pepe zenu, maana tokeni ya API, yaani ufunguo wa siri ambao programu huutumia badala ya nenosiri, ina uwezo wa akaunti nzima. Wapo wanaodhani kwamba inatosha kufuta ../ popote inapoonekana. Haitoshi: maandishi ....// yakifutwa ../ mara moja, kinachobaki ni ../ ileile. Ni salama zaidi kukubali majina yenye herufi, tarakimu, kistari na nukta moja tu kabla ya kiambishi cha faili, na kukataa mengine yote. Saraka iamuliwe na programu yenu, kamwe isiamuliwe na mgeni. Tokeni yenyewe ihifadhiwe nje ya public_html, na ikiwa imewahi kuandikwa ndani ya faili linaloweza kusomwa kwa kivinjari, ifuteni leo na kutengeneza nyingine.

Kwa wale ambao akaunti zao zimekwisha kuhamishwa, tafuteni neno /home/ katika mafaili ya programu zenu na katika kazi za cron, yaani zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba. Mkikuta njia msiyoielewa, tutumieni mstari huo pamoja na jibu kamili la JSON, baada ya kuondoa tokeni, nasi tutaipitia pamoja nanyi bila malipo.