Mkitengeneza kasri, msiisahau miembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie kasri za mashamba za Unguja, hasa Marahubi, Mtoni na Kidichi. Kila inapoandikwa habari ya kuzihifadhi, linalotajwa ni jiwe: nguzo ipi iko karibu kuanguka, ukuta upi upigwe chokaa, kuba lipi linavuja. Sina ugomvi na mafundi, kazi yao ni ya lazima. Langu ni kile kilichozunguka hilo jiwe, yaani miti, bustani na maji, ambacho kinatoweka bila ya mtu kukiandikia hata mstari mmoja.

Hivi karibuni nilikaa Marahubi asubuhi nzima. Yalikuja makundi matatu ya wageni. Kila kundi lilielezwa habari ya masuria wa Sultani na ya moto wa 1899, likapiga picha kwenye zile nguzo, likaondoka. Robo saa haikufika. Hakuna aliyeonyeshwa miembe, wala aliyeuliza maji ya mabirika (yale matangi ya maji) yalikuwa yakitoka wapi.

Sultani Seyyid Barghash alikwenda Uingereza mwaka 1875. Kasri ya Marahubi aliijenga kati ya 1880 na 1882, na husimuliwa kwamba ule ukuta mrefu wa kuizunguka aliupata kichwani kwa kutazama mashamba ya mabwanyenye wa kule. Kama ni kweli, basi tujiulize aliona nini ndani ya kuta hizo. Majumba yale hayakutengenezwa yakaachwa kwenye uwanja mtupu. Ziwa lilichimbwa kwa makusudi, miti ikapandwa na mtu aliyejua kuwa kivuli chake atakikalia mjukuu, na njia ikapindishwa ili nyumba ijifiche kidogo kabla ya kumtokezea mgeni. Ardhi ilikuwa sehemu ya nyumba. Sisi tumebaki na nguzo, tunaziita kasri.

Mtoni ndiyo zaidi. Jina lenyewe linakwambia. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa hapo mwaka 1844. Aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikatoka mwaka 1886. Anapoanza kuieleza kwao, mazungumzo yake ni mto uliopita mule mule ndani, mabirika ya kuogea, michungwa mirefu, na tausi, mbuni na paa wakizurura uani. Kuta hazimshughulishi sana. Sasa mtu akiijenga upya Mtoni jiwe kwa jiwe, na mto ukaachwa uzibwe na taka, atakuwa amehifadhi kitu gani ambacho Salme angekitambua?

Na Kidichi, kwenye hamamu (nyumba ya kuogea) ya 1850, ndani kuna nakshi za maua na ndege. Hizo tunazilinda zisiguswe kwa mkono. Mti wa kweli ulioko nje hauna mlinzi.

Niseme na jambo ambalo watu hulionea haya. Bustani na mikarafuu ile ilistawi kwa jasho la watumwa, na utumwa haukufutwa Unguja mpaka 1897. Wapo wanaosema, basi ya nini kuhangaikia starehe za masultani? Naielewa hasira hiyo, lakini nadhani inaangukia pasipo. Sultani hakubeba maji. Waliochimba mifereji, waliomwagilia miche na waliopanga mistari ya miembe ni watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Ukiukata mti ule, umefuta alama ya mikono yao, na kasri aliyojengewa bwana ndiyo inayobaki kusifiwa.

Tena ardhi yenyewe imeshabadilisha wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Kwa hivyo simwombi mtu azungushe waya na kuwafukuza wanaolima. Mkulima ambaye baba yake alipewa eka tatu ndiye anayejua mwembe upi ni wa zamani na upi umeota wenyewe. Aulizwe yeye kwanza.

Kwenye shamba moja la zamani, nisilolitaja kwa kuwa sitaki kumtia mtu aibu, nilionyeshwa mwembe ambao shina lake watu wawili hawalikumbatii likaenea. Ganda lake lina misumari minne, mmoja bado umeshika kipembe cha tangazo. Upande wa barabarani mizizi imekatwa sawasawa kama mkate, kupitisha bomba, halafu juu yake vikalazwa vitofali vya saruji. Mti wa namna hiyo haufi papo hapo. Huanza kukauka kileleni baada ya miaka kadhaa, na siku msumeno unapoletwa huambiwa umekufa kwa uzee.

Wengine wataniambia miti hufa tu, haihifadhiki. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na bado walikuwepo waliopanda upya. Mkataba wa Florence wa 1981, unaohusu bustani za kihistoria, unaiita bustani mnara ulio hai: unakubali kwamba mti utakufa, kisha unadai mwengine uwe umeshaandaliwa. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini mipaka yake haifiki Marahubi wala Mtoni, kwa hivyo tusikae tukingoja ulinzi wa huko.

Ninaloomba halihitaji fedha nyingi. Kila mti mkongwe katika viwanja hivi upewe namba na uchorwe kwenye ramani, hata ile miembe ya njia ya Bungi ambayo wazee humnasibishia Bibi Khole, binti mwengine wa Seyyid Said. Mchoro wowote wa ukarabati uonyeshe mizizi na mifereji kama unavyoonyesha kuta. Na miche ibebeshwe, yaani iungwe na vikonyo vilivyokatwa kwenye miti mama, ingali hai, maana ukipanda kokwa huna hakika ya utakachovuna. Mwembe wa misumari minne niliutazama vizuri: upande mmoja bado unatoa majani mapya, mekundu. Vikonyo vya kubebesha vinaweza kupatikana hapo msimu huu. Msimu ujao sijui.

Msomaji wako,
Bububu, Unguja