Barua kwa mwanangu mwalimu wa kwaya: habari za Heinrich Schütz

Mwanangu mpendwa, marahaba. Meseji yako nimeisoma yote, kwamba vijana wa besi wamehamia mjini kutafuta kazi, kinanda kinakata sauti, na unafikiria kuachia ualimu wa kwaya. La kuachia sikujibu leo. Leo nataka nikusimulie habari za mzee mmoja mtunzi wa muziki wa Ujerumani anaitwa Heinrich Schütz, maana kila nikisoma habari zake nakuona wewe.

Alizaliwa 1585 huko Köstritz, miaka 100 kabla ya yule mtunzi maarufu Bach, na watu wanamjua Bach, Schütz hawamjui, kitu ambacho kinaniuma sana. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni pale Weissenfels. 1598 akalala pale mtawala wa jimbo la Hesse-Kassel, Moritz, akamsikia mtoto anaimba, akawaomba wazazi wampe akamsomeshe. Wakasita, mwisho wakakubali, ila moyoni walitaka awe mwanasheria na kweli akaenda kusoma sheria Marburg. Ndo wazazi tulivyo, tunataka mtoto apate kazi inayoeleweka. Moritz ndo akamwambia kuna mzee mtunzi wa muziki Venice, Italia, Giovanni Gabrieli, kazeeka lakini bado yupo, nenda kasome kwake hela nitatoa mimi. Akaenda 1609, akakaa mpaka mwalimu wake akafa 1612, na yule mzee kabla hajafa akaagiza Heinrich apewe pete yake.

Baadaye akawa mkuu wa muziki kwenye nyumba ya mtawala wa jimbo la Saxony, mjini Dresden, na 1619 akatoa Zaburi za Daudi, muziki mkubwa kwelikweli, kwaya mbili, tatu, mpaka nne zinajibizana na tarumbeta juu yake. Mwaka huohuo akamuoa Magdalena. 1625 Magdalena akafariki, akamwachia mabinti wawili wadogo, na hakuoa tena mpaka anakufa. Akachukua zaburi zilizoandikwa kishairi akazitilia sauti nne nyepesi tu za kuimba kanisani na nyumbani, zikachapwa 1628, na mwenyewe aliandika kwamba kazi hiyo ndo ilimfariji.

Halafu ile vita ya miaka 30, 1618 mpaka 1648. Njaa, tauni, askari wanapita wanachoma vijiji. Waimbaji wa Dresden wengine wakafa, wengine wakaondoka kwa kukosa mshahara. Sasa fikiria mtu aliyezoea kwaya nne amebaki na nani. 1636 akachapa kitabu cha nyimbo ndogondogo, sauti moja, mbili, tatu, zisizidi tano, na kinanda tu, mwanzoni kabisa akaeleza kwamba vita imeangusha muziki na sehemu nyingine umekufa kabisa. 1639 akatoa cha pili. Wimbo wa kwanza kabisa kwenye kile kitabu cha 1636 ni mtu mmoja anaimba, Ee Mungu ufanye haraka kuniokoa, na yaani mwanangu ukiusikiliza husikii upungufu wowote, husemi hapa pangekuwa na kwaya, ni wimbo kamili wa mtu mmoja. Hajaandika kitu kikubwa akakikatakata, ameandika kwa ajili ya yule mtu aliyebaki. Hapo ndo nilipotaka tufike.

Na waimbaji wake hakuwatupa. Kuna barua alimwandikia mtawala juu ya muimbaji wa besi aliyeishi kama nguruwe kwenye zizi, analala kwenye majani, koti ameshaweka rehani, akaomba mtu huyu alipwe jamani sauti kama hii haipatikani. Yeye mwenyewe aliomba kustaafu tangu 1651 wakamkalia kimya, mpaka yule mtawala alipofariki 1656 ndo akapumzishwa, ana miaka 71.

Sasa hili la kinanda lisikilize vizuri. 1648 alitoa motet 29, yaani nyimbo za kwaya za maneno ya dini, akaziweka mikononi mwa jiji la Leipzig na kwaya yake, na kwenye utangulizi anawaambia vijana wanaotunga kwamba mtindo wa kinanda kubeba wimbo umetoka Italia ni mzuri, ila kwanza jifunzeni kuandika sauti zinazosimama zenyewe bila hicho kinanda, anaiita kokwa ngumu ambayo lazima uipasue kwa meno ndo ukute kiini. Ana zaidi ya miaka 80 akatunga muziki wa mateso ya Yesu kama yalivyo kwenye Injili ya Mathayo, 1666, sauti za watu tupu hakuna chombo hata kimoja.

Kama mwalimu nampenda zaidi. Kijana wake Matthias Weckmann alipoonekana ana mkono wa kinanda, hakumng'ang'ania, alimpeleka Hamburg kwa Jacob Praetorius akajifunze kwa anayejua zaidi. Na mwanafunzi mwingine, Christoph Bernhard, ndo aliombwa na mzee mwenyewe amtungie wimbo wa maziko, ule mstari wa Zaburi 119 unaosema amri za Bwana zimekuwa nyimbo zangu nikiwa ugenini. Ulipofika mzee akasema hakuna hata noti moja ya kurekebisha. Akafariki 6 Novemba 1672, ana miaka 87, mabinti wake wote wawili alishawazika.

Kwa hiyo Jumamosi mazoezini kinanda usikiwashe. Sauti ya kwanza na ya pili si umesema wapo na wako vizuri, waandikie zaburi moja ya sauti mbili kwa noti za sol-fa, fupi tu, iwe yao hasa, wala usiwape vipande vya wimbo wa sauti nne. Yule kijana mmoja wa besi aliyebaki mtafutie aya aimbe peke yake. Halafu nirekodie kwa simu hata kama hamjaiweza vizuri, nitumie usiku huohuo, bando ninalo.

Mama yako anayekupenda.