Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dawa Mbili Zikishindwa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na ya mikutano yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: kifafa kisichosikia dawa.

Wengi wetu tumebadilishiwa vidonge mara nyingi, na kila kidonge kipya tumekipokea kwa matumaini yaleyale. Utafiti wa Kwan na Brodie, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba asilimia 47 ya wagonjwa waliotibiwa kwa mara ya kwanza walitulia kwa dawa ya kwanza na asilimia 13 kwa ya pili. Waliotulia kwa dawa ya tatu au kwa mchanganyiko walikuwa asilimia 4 tu. Ndiyo maana tangu 2010 shirika la wataalamu wa kifafa duniani, ILAE, linakiita kifafa sugu pale dawa mbili, zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo, zinaposhindwa kukituliza. Kuanzia hapo mgonjwa anastahili kupelekwa kwenye kituo cha mabingwa, na msimamo wa kamati yenu ni kwamba tulidai hilo bila kuona haya.

Huko kwanza watauliza kama kweli ni kifafa. Kuna wanaoanguka kwa sababu ya moyo, na kuna mishtuko inayotokana na msongo wa nafsi (nayo si maigizo, tuache kuwasema watu). Wataangalia pia kama dawa yenyewe ndiyo inayochochea: mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, aina kali ya kifafa inayoanza utotoni, anaweza kuzidiwa akipewa karbamazepini, mojawapo ya dawa za kawaida za kifafa.

Upasuaji ndio uliozua mjadala mkali kuliko yote, na naelewa hofu hiyo. Lakini tazameni jaribio lililofanyika Kanada na kuchapishwa 2001, la wagonjwa 80 ambao kifafa chao kilianzia pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio. Baada ya mwaka, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu. Kwa walioendelea na dawa peke yake ilikuwa asilimia 8. Si kila mtu anafaa: lazima chanzo kijulikane, na kiweze kuondolewa bila kuharibu usemi au nguvu za viungo. Kumbukumbu nayo inaweza kuguswa, kwa hiyo hupimwa kabla. Kukubali kupimwa si kukubali kupasuliwa. Anayelazwa siku kadhaa akirekodiwa umeme wa ubongo kwa video bado ana haki ya kusema hapana.

Asiyefaa kupasuliwa anaweza kuwekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kinachosisimua neva ya vagasi shingoni, mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Hupunguza mishtuko, kuimaliza kabisa ni nadra, na sauti inaweza kukwaruza.

Lishe ya ketojeniki, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, inatumika tangu 1921. Katika jaribio la watoto 145 lililochapishwa 2008, asilimia 38 ya walioipata walipungukiwa mishtuko kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi mitatu, dhidi ya asilimia 6 ya wasioipata. Ila ni tiba, ina mizani na vipimo vya damu, na inaweza kuleta mawe ya figo. Tafadhali msiianze wenyewe nyumbani.

Kuhusu mafuta ya bangi, swali lisilokosa kila kikao: kilichothibitishwa ni kanabidioli, kiambato kimoja cha bangi, iliyosafishwa na kupimwa dozi. Marekani iliiidhinisha 2018 kwa Dravet na Lennox-Gastaut, aina nyingine kali ya kifafa cha utotoni. Chupa ya mitaani si kitu hicho.

Baadhi yenu mliniomba nisitaje vifo vya ghafla. Nataja. Huchukua takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa kila mwaka, na hatari hupanda kwa mwenye degedege la mwili mzima lisilodhibitiwa, hasa akilala peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya haraka yetu.

Kamati inaleta maombi mawili mbele yenu: kila familia iandike daftari la mishtuko, pamoja na video ya simu pale inapowezekana, na mwanachama anayekwenda kwa bingwa kwa mara ya kwanza asindikizwe na aliyekwishapita njia hiyo. Tutayapigia kura kabla ya hesabu.

Mwenyekiti