Ombeni dua, lakini sindano msimwondolee mgonjwa

Mhariri,

Assalaam aleikum na pole na kazi. Nimekuwa nikisoma barua za wasomaji wenzangu wakibishana kama maombi yanaponya wagonjwa ama hayaponyi, huyu asema dua ni kila kitu, yule asema ni ujinga mtupu, na mi nimenyamaza tu, lakini leo imebidi niandike manake kwetu nyumbani maneno haya yalitaka kumtoa mtu roho.

Nianze na vile nimelelewa ili mtu asije akanambia sina dini. Mi ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Nyanya yangu tukiugua alikuwa akituandikia kombe, sahani nyeupe, zafarani, aya zaandikwa kwa kijiti, zikikauka zaoshwa kwa maji ya mawaridi halafu unapewa unywe kwa bismillahi. Mpaka leo mwanangu akishikwa na homa namsomea Fatiha mara saba nikimpangusa kichwa, kisha namchukua kwa dakta apimwe malaria. Sijawahi kuona vitu hivyo viwili vikigombana.

Sasa. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ana sukari ile inayoshika watoto. Hii si ya kumeza tembe na kupunguza wali, hii kongosho lake halitoi insulini, kwa hivyo anadunga sindano kila siku tangu akiwa na miaka 11, na umeme ukipotea insulini yake twaitia kwenye mtungi wa udongo isiharibike na hili joto letu. Alipofika miaka 19 ikaja posa. Hapo ndipo maneno ya watu yalipoanza, ati msichana wa sindano nani atakaa naye, atazaa kweli, na mama mdogo usingizi ukampotea. Akaambiwa kuna mtu anasoma, kisomo chake kikali. Akampeleka.

Yule mtu (simtaji, hata mtaa wake sitaji) akasema huyu hana sukari, ana jini, na hizo sindano ndizo zinazomlisha, basi aache siku tatu huku akisomewa. Akatoa na aya, maneno ya Nabii Ibrahim kwenye Surat Shuaraa, kwamba ninapougua Yeye ndiye anayeniponya. Nani atabishana na aya? Sindano zikafichwa kabatini.

Siku ya kwanza ni kiu, jagi kwa jagi, na kwenda chooni usiku kucha. Siku ya pili akaanza kutapika, tumbo lamkata, anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyekimbizwa, na pumzi yake yanuka kama embe lililoiva likapitiliza. Wakampigia simu yule mtu. Akawaambia Alhamdulillah, hilo ni jini linatoka, zidisheni kusoma. Na watu walifurahi mhariri, hiki ndicho kitu hakinitoki moyoni, walikaa wakisoma Yasin kwa furaha na mtoto yuafa mbele yao, na si watu wabaya, ni watu wanaompenda kuliko nafsi zao.

Aliyemuokoa ni jirani, mama wa Kigiriama, mtu wa kanisa, zamani alikuwa nasi, yaani muuguzi wa hospitali. Alikuja kujulia hali tu. Akainama, akanusa ile pumzi mara moja, akasema huyu ni sukari imepanda, leteni tuktuk sasa hivi. Hospitali akatiwa dripu na insulini, na dakta akatwambia mwili ukikosa insulini hauwezi kutumia sukari, unachoma mafuta yake wenyewe, damu inageuka asidi, na ile harufu ndiyo dalili yake, kungekucha tukiwa nyumbani tungekuwa tunachimba kaburi. Usiku ule mama mdogo alikuwa kwenye baraza la wodi na tasbihi yake, pembeni yake yule jirani anamuomba Yesu wake kwa sauti ya chini, wameshikana mikono mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa watu wakaniuliza, dua ilisaidia ama haikusaidia? Jibu langu ni hili. Kabla ya 1922 mtoto akishikwa na sukari hii alikuwa akikonda mpaka anakufa, dunia nzima, tajiri kwa maskini. Januari mwaka huo kule Toronto, Canada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, ile ya kwanza haikuwa safi ikambidi asubiri isafishwe, ya pili ikashika, akaishi miaka 13 zaidi. Je, mama wote waliozika watoto kabla ya hapo hawakuwa wakiomba? Waliomba, na walilia kuliko sisi. Kwangu mimi ile dawa ndiyo jibu la dua zao, Mungu aliwafungua akili kina Banting na wenzake wakahangaika mpaka wakaipata, halafu sisi leo twaichukua twaificha kabatini ati ndiyo twaonyesha imani!

Kuna wasomaji walitaja utafiti. Ule mkubwa nnaoujua ni wa Marekani uliotoka 2006, wa dakta Herbert Benson na wenzake, wagonjwa kama 1,800 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Wengine waliombewa na wengine hawakuombewa bila kujua wako upande gani, na waliopata matatizo baada ya upasuaji ni asilimia 52 kwa 51, yaani sawa tu. Kundi la tatu waliambiwa waziwazi kwamba wanaombewa, na hao wakawa 59. Watafiti walisema yaweza kuwa ni bahati tu, lakini mmoja wao akasema huenda mgonjwa alijiuliza, kwani mi naumwa kiasi gani hata niitiwe watu wa kuniombea? Mi sidhani Mungu wa kupimwa kwa asilimia. Ila hilo la mwisho linanigusa manake nimeliona, mgonjwa anafungua macho anakuta watu ishirini wamejaa chumbani wanasoma kama wako matangani, hata mzima angeogopa.

Na hospitali nazo zijiulize. Kwa nini watu wakimbilia kwa hawa? Mnapanga laini tangu saa kumi na mbili asubuhi, mkiingia dakta ana dakika tatu, haangalii uso, anaandika, mwengine! Yule mtu wa kisomo alikaa na mama mdogo saa nzima, akamuuliza habari za posa, akamskiza mpaka akalia. Dakta wa kliniki hakuwahi kumuuliza habari za posa. Dawa yake ilikuwa ya kweli na maneno ya yule mwengine yalikuwa ya uongo, lakini mama alikwenda kule alikoskizwa.

Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, akawaambia jitibuni, Mungu hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa isipokuwa uzee. Na jirani yangu alinambia kwenye Biblia yao Luka anaitwa tabibu mpendwa. Sasa hawa wa kuwaambia watu acheni dawa wamesoma wapi? Ni vile vile 2011 watu walivyotoka mpaka huku Kenya kufuata kikombe cha dawa cha yule mchungaji wa Loliondo, Tanzania, kuna wagonjwa waliacha vidonge vya ukimwi kwa kuamini wamepona.

Ombi langu ni kwa maimamu na wachungaji wa Mombasa. Mkimaliza kumuombea mgonjwa mwambieni neno moja kwa kinywa chenu, dawa usiache mpaka dakta akwambie. Likitoka kwenu litaskizwa kuliko likitoka kwa nasi. Na Ramadhani ikikaribia wenye sukari wataanza kujificha wafunge, hasa hawa wa sindano, na Qur'ani imemruhusu mgonjwa asifunge, basi semeni kwenye khutba mapema kabla ya mwezi kuandama, waende kwanza kliniki waulize.

Mdogo wangu aliolewa. Mumewe ndiye anayemkumbusha saa ya sindano.

Ni mimi msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa