Hivyo vidonge usiache

Mwanangu,

Tangu jana ulipokata simu sijalala. Eti unaenda chuo na umeamua kuvipumzisha vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia kansa ya titi isirudi, kwa sababu vinakuletea joto. Najua unavyolowesha shuka usiku, sikatai. Ila uliambiwa uvimeze miaka 5, na wengine daktari anawafikisha 10, sasa wewe ndo kwanza mwaka wa pili unajipa likizo, nani kakuruhusu?

Fungua ile ripoti ya kipande cha nyama walichokukata kwenye titi kukipima, usiseme imepotea maana nakala ninayo kwenye droo. Imeandikwa ER+, PR+, yaani seli za ule uvimbe zilikuwa na vipokezi, yaani sehemu za kupokelea homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Estrojeni ikishika kipokezi chake, vinakaa pamoja kwenye DNA na kuwasha jeni zinazoifanya seli igawanyike, na kila ikigawanyika kosa jipya linaweza kuingia. Homoni yenyewe haina ubaya, mwili unaihitaji, shida ni seli iliyoharibika kuendelea kuisikiliza. Tamoksifeni inaziba kipokezi kama ufunguo uliovunjikia kwenye kitasa, estrojeni ikija inakuta pamejaa. Ukiacha kumeza panaachwa wazi tena. Kovu limepona ukadhani yameisha, kumbe kansa ya aina hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi.

Joto mwambie daktari, lina namna ya kupunguzwa. Usijitafutie mwenyewe dawa za msongo wa mawazo ili kulituliza, nyingine kama paroksetini zinazuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe ile yenye nguvu. Damu ikitoka nje ya siku zako, au mguu mmoja ukavimba, nenda siku hiyohiyo. Na mimba isiingie ukiwa kwenye dawa, sikuulizi ya nani.

Hiyo nafasi ya chuo nimeitangaza mpaka baba yako kaniambia ninyamaze, sasa usinitie aibu ya kukuuguza tena kwa ubishi wako.

Bomba la jikoni fundi kaja kaharibu zaidi, tumetega ndoo. Begi lako kubwa zipu imekufa, chukua la kaka yako, kakubali ingawa kanuna. Vidonge weka kwenye begi la mkononi, sio la kupakia, na uchukue vya kutosha mpaka utakapopata kliniki huko. Cha leo umemeza? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mama