Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: Kelele za Vinu vya Wino Zipimwe Usiku, Zizimwe Mashineni

Kwa Mkurugenzi,
Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KELELE ZA VINU VYA KUSAGIA WINO KATIKA ENEO LA VIWANDA

Nimekuwa fundi wa mitambo katika viwanda vya wino na rangi hapa Nairobi kwa miaka 23, na sasa nimestaafu. Ninaishi Mukuru, upande wa Viwandani, ambako ukuta wa nyuma wa kiwanda kimoja cha wino (sikitaji jina, kwa kuwa sikuandika ili kumshtaki mtu hadharani) umetenganishwa na nyumba zetu za mabati kwa kichochoro ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja wao kugeuka ubavu. Vinu vya kiwanda hicho husaga usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane za usiku, watoto wa ploti yetu huamka, kwa maana wamezoea kulala ndani ya ngurumo, na kimya ndicho kinachowashtua.

Ninaleta kwako ombi lenye sehemu mbili. Kwanza, kelele za vinu hivi zipimwe usiku, mashine zote zikiwa kazini na zikiwa na mzigo wake kamili. Pili, kiwanda kitakachopatikana kimezidisha kiwango kiamriwe kurekebisha mashine zake kabla ya kuruhusiwa kuhesabu vizibo vya masikio kuwa ndiyo dawa. Wengi hudhani kwamba kusaga wino ni lazima kupige kelele kama ilivyo lazima moto kutoa moshi. Mimi niliyeyafungua matumbo ya mashine hizo sikubaliani nao, na naomba unipe nafasi ya kueleza ni kwa nini.

Wino unaochapa vitabu vya shule, pakiti za unga na kalenda za ukutani huanza kama rangi ya unga iliyochanganywa na vanishi. Mchanganyiko huo huwa na madonge, na kazi ya kinu ni kuyavunja hadi yawe laini kiasi kwamba kidole hakiyahisi. Kwa wino mzito hutumika mashine ya rola tatu za chuma zinazozunguka kwa kasi tofauti: ya kwanza ikizunguka mara moja, ya pili huzunguka kama mara tatu na ya tatu kama mara tisa, wino ukikamuliwa katikati yake hadi ukwanguliwe na kisu mbele. Kwa wino mwepesi hutumika kinu cha shanga, ambacho ni silinda iliyojazwa shanga ngumu ndogo zinazovurugwa kwa nguvu. Viwanda vya zamani bado vina mapipa makubwa yaliyolazwa ubavu, yenye gololi za chuma zinazobingirika ndani yake.

Katika mashine ya rola tatu, wino wenyewe haulii. Kinacholia mara nyingi ni gia zilizolika meno, ambazo hugongana badala ya kukumbatiana, na beringi zilizokauka grisi au kuingiwa na uchafu. Kisu nacho kikiwa butu, au kikikazwa kupita kiasi na mtu anayetaka kufidia ubutu wake, hutetemeka juu ya rola na kutoa mlio mkali unaopenya meno. Rola zikiachwa zizunguke kavu, chuma husagana na chuma, na hapo kelele si kero tu, ni mali inayoharibika, kwa sababu uso wa rola ukishachubuka hausagi tena sawasawa na kuuchonga upya ni gharama kubwa. Kwa hiyo nilikuwa nikiwaambia vijana wangu kwamba mashine inayopiga kelele leo kuliko wiki jana imewaandikia barua, nao waisome kabla haijawaandikia hasara.

Kinu cha shanga kina tabia yake. Shanga zikilika na kupungua, au wino ukiingia kidogo kuliko inavyotakiwa, zile zilizobaki hupiga kuta za silinda bila kitu cha kuzituliza. Pipa la gololi ni vivyo hivyo: likijazwa nusu nusu ili kazi iishe haraka, gololi huangukia chuma kitupu badala ya kuangukia uji wa wino, na likizungushwa kwa kasi isiyolifaa, gololi huruka badala ya kumwagika taratibu, na mtaa mzima husikia. Mikisa ya kuchanganyia, iwapo diski yake imekaa juu mno au pipa lina wino haba, huvuta hewa na kunguruma.

Kisha kuna vile ambavyo hakuna anayevitazama, navyo katika viwanda kadhaa nilivyofanyia kazi vilikuwa vinazidi kinu chenyewe kwa makelele. Pampu inayosukumwa kwa hewa hutema hewa kwa mishindo kila inapopiga, na sailensa yake ya kutolea hewa, kifaa kinachotosha kiganjani, ikiziba watu huing'oa na kuitupa badala ya kuiosha. Feni ya mota, kompresa ya kupozea maji ya rola, na bomba la hewa linalovuja tangu mwaka juzi, vyote huongeza sauti zao. Mwisho ni jengo. Mashine iliyofungwa moja kwa moja kwenye sakafu huipa sakafu mtikisiko wake, sakafu huupeleka ukutani, na paa la mabati huuitikia kama ngoma. Hivyo ndivyo sauti nzito inavyofika kwetu hata milango ya kiwanda ikiwa imefungwa, kwa maana sauti nyembamba huzuiwa na ukuta kwa urahisi, lakini ile nzito hupita.

Sasa niingie katika upimaji, ambako naona tatizo kubwa zaidi. Kanuni za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini hazimruhusu mfanyakazi kupata zaidi ya wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwa saa 8 ndani ya siku nzima, na kelele inayotoka nje ya mahali pa kazi haipaswi kuzidi desibeli 45 usiku. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 ni kali zaidi kwa makazi, kwani nje ya nyumba za watu usiku kiwango ni desibeli 35. Sheria ipo, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na namna inavyopimwa. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mshauri wa kukodishwa aliyekuja kufanya ukaguzi wa kila mwaka alifika saa nne asubuhi, akakuta vinu viwili tu kati ya vitano vikizunguka, kimoja kikiwa kinaoshwa kwa kiyeyusho, akasimama katikati ya chumba kwa dakika chache, akaandika namba, akaondoka. Namba hiyo ilikaa kwenye faili mwaka mzima. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: mashine mbili zenye desibeli 88 kila moja hazitoi 176, hutoa 91, na kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 3 ni maradufu ya nishati ya sauti inayoingia sikioni, tofauti inayoonekana ndogo karatasini ni kubwa mno mwilini. Tena viwanda vyetu vingi huendesha zamu ya saa 12. Mtu anayekaa katika desibeli 89 kwa saa 12 amepokea sawa na karibu desibeli 91 kwa saa 8. Amevuka mpaka wa sheria, ilhali mpimaji akiitazama ile 89 peke yake ataona kila kitu ni sawa.

Kuhusu vizibo vya masikio nitasema machache. Vina kazi yake, na kila mtu anayekaribia kinu avivae. Lakini vinamtegemea mtu avivae vizuri kwa zamu nzima katika chumba chenye joto, naye hana budi kuvitoa kila anaposemeshwa na msimamizi wake, wala havimfai mama aliyelala upande wa pili wa kichochoro. Mimi nilivivaa, kwa uvivu mara nyingine, na leo masikio yangu yamepoteza sauti nyembamba ambazo kelele za viwandani huanza kuziiba. Mjukuu wangu akisema “fika” nasikia “shika”, akisema “sita” namwomba arudie. Namwambia anazungumza kwa haraka, naye kwa adabu yake anakubali.

Kuhusu marekebisho, Mheshimiwa, naomba yaanzie mahali pa bei nafuu. Kubadilisha beringi na gia kabla hazijalia, kunoa visu, kujaza shanga na wino kwa kipimo cha mtengenezaji, kuziba hewa inayovuja na kurudisha sailensa za pampu ni kazi za fundi wa kawaida, na kiwanda hupata faida yake kwa wino unaotoka laini na mashine zinazodumu. Baada ya hapo ndipo mashine iwekewe springi au mipira ya kufyonza mtikisiko, kwa hesabu, kwa sababu mpira usiolingana na uzito na kasi ya mashine unaweza hata kuongeza mtikisiko. Mapipa ya gololi huweza kuvikwa mpira ndani, ila uchaguliwe mpira usiovimba kwa viyeyusho vya wino huo, la sivyo utabanduka na kuingia kwenye bidhaa.

Wenye viwanda wengi hupenda kuruka hatua hizo na kujenga kibanda kuzunguka mashine, kwa kuwa kibanda huonekana. Hapa naomba tahadhari mbili. Kibanda hakifai kitu kikiwa na nyufa: uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta wake hauruhusu kelele kupunguzwa zaidi ya desibeli 20, hata ukuta uwe mzito namna gani. La pili ni la hatari zaidi. Wino mwingi una viyeyusho vinavyoshika moto, na kibanda kisichopitisha hewa hukusanya mvuke na joto pamoja. Nisingependa kusikia kwamba agizo la kupunguza kelele lilizaa mlipuko karibu na nyumba za mabati zilizobanana. Njia ya hewa iwepo, iwe na mikunjo iliyovikwa sponji isiyoshika moto, na vifaa vya umeme ndani yake viwe vya aina inayoruhusiwa penye mvuke wa kulipuka.

Ninayokuomba basi ni waraka wako kwa washauri wote wa usalama waliosajiliwa, kwamba kipimo cha kelele katika kiwanda cha wino kitakachoambatishwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka kionyeshe mashine ngapi zilikuwa zikifanya kazi, zilikuwa na mzigo kiasi gani, zamu ina saa ngapi, na kipimo kimoja kiwe kimechukuliwa baada ya saa mbili usiku kwenye mpaka wa jirani. Kipimo kikizidi, ripoti itaje chanzo kwa jina, iwe ni gia, pampu au paa, pamoja na tarehe ambayo kitakuwa kimerekebishwa. Wafanyakazi waonyeshwe ripoti hiyo, na sisi tunaoishi kando ya ukuta tupewe muhtasari wake kwa Kiswahili kupitia kwa chifu.

Iwapo utapenda kutuma afisa, mlango wangu uko hatua chache kutoka ule ukuta wa nyuma. Aje baada ya saa tatu usiku, aweke kiganja chake kwenye bati la nyumba yangu kabla hajatoa kipimo chake mfukoni.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mitambo mstaafu,
Viwandani, Mukuru, Nairobi.