Risala ya Wanachama wa Chama cha Uanahabari kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Kwanza, utuwie radhi. Bawabu aliambiwa amsubiri mgeni mwenye gari kubwa, nawe ukashuka matatu pale Jogoo Road na kuja kwa miguu. Akakusimamisha langoni dakika kumi. Tunashuku dakika hizo ulizitumia kumhoji.

Muhula uliopita ulipotutembelea, tulitarajia visa vya kamera za siri. Wewe ukatoa mkobani Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalochapishwa kila Ijumaa, ukatugawia kurasa za notisi za ardhi na kalamu nyekundu moja kwa watu wanne. Tulisaka jina linalojirudia hadi kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyeinuka. Kwa wanafunzi wa bweni, hilo si jambo dogo.

Siku hiyo ndipo tulipoelewa kwa nini, baada ya miaka mingi kwenye magazeti makubwa, ulihamia mashirika ya habari za upekuzi yasiyotafuta faida. Gazeti linaloishi kwa matangazo huogopa kumuudhi anayelipia ukurasa, na mhariri hutaka habari kufikia jioni. Ulitueleza kuhusu ProPublica ya Marekani, iliyoanza kuchapisha 2008, na kufikia 2010 ilikuwa imeshinda tuzo ya Pulitzer. Ukatueleza pia kuhusu Pandora Papers ya Oktoba 2021: nyaraka milioni 11.9 zilizovuja kuhusu mali iliyowekwa kwa siri ng'ambo, wanahabari zaidi ya 600, na majina ya vigogo wa hapa kwetu yakiwemo. Hapa Nairobi, Africa Uncensored imekuwa ikifanya kazi ya aina hiyo tangu 2015.

Nasi tukajaribu. Tuliiandikia ofisi moja ya umma kuuliza zabuni ya kukarabati mtaro ulio mbele ya shule ilipewa nani, na kwa shilingi ngapi. (Mtaro wenyewe umeuruka leo asubuhi.) Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Siku ya 44 barua yetu ilirudi ikiwa na alama ya kikombe cha chai, na juu yake karani ameandika kwa kalamu ya risasi: "Andikeni kwa Kiingereza." Mwenzetu mmoja alitaka tuitafsiri yaishe. Tulipiga kura, akashindwa.

Maombi yetu ni machache. Hatuombi kompyuta, ingawa ukija nayo hatutaikataa. Tunaomba utujibu swali ambalo siku ile lilikatizwa na kengele: mashirika yenu huishi kwa fedha za wahisani, na wahisani nao wana marafiki na biashara zao. Nyayo zikielekea mlangoni kwa mhisani, mnafanyaje? Jibu la mkato hatulitaki, muda umetengwa.

Pili, ndani ya bahasha hii mna malalamiko yetu kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayosikiliza walionyimwa habari na ofisi za umma, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Tutayapeleka Jumatatu. Tunakuomba uyapitie kabla ya chakula. Kalamu nyekundu tumeiweka humo humo.

Karibu sana.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Uanahabari.